Aina za Vikundi vya Jamii na Kazi ya Vikundi katika Darasa la Chuo
Mada kwa semina ya wakufunzi, Bagamoyo





1. Maana na aina

Kikundi cha jamii, kama sote tujuavyo, ni watu wenye uhusiano unaodumu na lengo moja, wanaojitambua kuwa ni wamoja. Abiria wa daladala iendayo Dar es Salaam si kikundi. Mwaka 1906 William Sumner alitenga kundi la ndani na kundi la nje. Mwaka 1909 Charles Cooley akaeleza vikundi vya msingi, kama jamaa na majirani, na waliomfuata wakaongeza vikundi vya upili, kama idara na vyama. Haya yamo vitabuni, wala sitayarefusha. Itoshe kusema ya kuwa kikundi cha darasani ni cha upili kwa kuundwa kwake, maadamu mkufunzi ndiye aliyekipanga kwa orodha ya majina, ilhali sisi twakitazamia kitende kazi kwa imani na hisani ya ndugu wa nyumba moja.

2. Tatizo la jina lililo juu ya jalada

Hapa naomba ruhusa nikae kitambo, kwa kuwa jambo hili limenishughulisha miaka mingi. Kazi huletwa ikiwa na majina kumi juu ya jalada, tisa kwa wino mmoja na la kumi limechomekwa chini kwa wino mwingine. Nami nimwitapo mwenye jina hilo, nikamwomba anieleze ukurasa wa tatu, huwatazama wenziwe kabla ya kunijibu. Walakini alama wapewayo ni moja, na katika vyuo vingi nchini tathmini endelevu huchukua takriban 40 kwa kila 100, hata aliyekesha akiandika na aliyelala huingia mtihanini wakiwa na akiba sawa. Hiyo ni dhulma, ijapokuwa imepitishwa kwa kanuni.

Aghalabu twawalaumu wanafunzi kwa uvivu. Mimi nasema ya kuwa asili ya kosa imo katika kazi tunayoitoa. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta kamba, ikadhihirika ya kuwa kadiri wavutaji walivyozidi ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua, hata watu 8 wakatoa kama nusu tu ya nguvu iliyotazamiwa kwa jumla yao. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa bidii hurejea pale mchango wa kila mtu unapotambulika.

Ithibati ya hayo tunayo hapa hapa Bagamoyo, katika mafunzo ya ngoma ambayo Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na leo kinachoitwa TaSUBa, kimeyafanya kuwa fani: chapuo ikinyamaza, msondo hauwezi kuificha, na kila aliyepo husikia ni mkono wa nani uliosita. Insha yetu ya kikundi haina sauti ya namna hiyo. Hunyamaza mmoja, wala hapana asikiaye.

Fauka ya hayo, wako wanaodhaniwa watoro nao si watoro: mwanafunzi akaaye mbali, huko Mapinga, hawezi kuhudhuria kikao kilichowekwa baada ya magharibi, na binti aliyeachiwa kunakili kazi yote hanyanyuki kuiwasilisha, kwa kuwa msemaji amekwisha teuliwa mwanamume.

3. Mapendekezo

Bila ya kukiuka kanuni za upimaji zilizopo, wala kukusudia kulaumu chuo chochote, napendekeza:

(a) Kikundi kisizidi wanafunzi watano.

(b) Kila kazi igawanywe sehemu zenye wenyewe, na jina la mtu liandikwe juu ya sehemu yake, si juu ya jalada pekee.

(c) Alama ziwe mbili: ya kikundi, na ya mtu binafsi.

(d) Kila mwanafunzi aulizwe swali moja kwa mdomo kuhusu sehemu ya mwenziwe.

(e) Mwandishi na msemaji wabadilishane kwa zamu, wanawake kwa wanaume.

(f) Vikao viwekwe ndani ya ratiba ya mchana, kwa ajili ya wakaao mbali.

(g) Wakuu wa vyuo wampunguzie mkufunzi wingi wa madarasa, maana kumwuliza kila mmoja kwahitaji muda, na bila ya muda huo mapendekezo yaliyotangulia yatabaki karatasini.

(h) Hatimaye, nasisitiza tena, mchango wa kila mwanafunzi utambulike. Kazi isiyoweza kugawanywa kwa insafu na ipewe mtu mmoja mmoja.