Mtoto anakunywa, mbona anakauka?

Yupo mama anayempa mtoto wake maji kila mara, na bado mtoto anakauka. Asubuhi anampa mkate na chai, mchana biskuti, jioni tambi, akiamini anamlisha vizuri. Tumbo linavimba, mapaja yanasinyaa, kuhara hakukomi. Jirani mmoja anasema ni chango, mwingine anasema ni jicho baya. Mara nyingi chanzo huwa maji machafu au minyoo, na hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lakini dawa zikiisha na hali ikabaki vile vile, iko sababu nyingine tusiyoizungumza sana, nayo ni ugonjwa wa seliaki.

Tuanze na maji yenyewe. Kila siku utumbo mwembamba wa mtu mzima hupokea kiasi cha lita 8 au 9. Tunazokunywa ni kama 2 tu. Zilizobaki hutoka mwilini mwetu wenyewe: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hurudishwa katika damu, hata chooni haitoki robo lita.

Ukuta wa utumbo huo una vidole vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufyonza. Chini, kati ya vidole hivyo, mna vishimo vinavyotoa maji na chumvi. Mwenye seliaki akila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wake huiona gluteni, yaani protini ya nafaka hizo, kuwa ni adui. Vita hupiganwa ukutani. Vidole hulika vikawa bapa, navyo vishimo hurefuka. Wa kufyonza wamepungua, wa kutoa wameongezeka. Sukari isiyofyonzwa, hata ile ya maziwa, huvuta maji zaidi. Mafuta yasiyofyonzwa hushuka hadi utumbo mpana na kuuchokoza nao utoe maji yake.

Wengi hudhani kwamba anayehara chakula hupita mbio tumboni mwake. Katika seliaki mara nyingi ni kinyume: chakula hukawia katika utumbo mwembamba, kikielea katika maji mengi. Ndiyo maana tumbo hujaa, hunguruma na kuvimba.

Ndugu wasikilizaji, aliyeitambua ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake.

Wala tusiseme huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba kati ya watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Huko Ulaya ni kama mtu 1 katika 100.

Tufanye nini basi? Mtoto anayehara aendelee kupewa maji ya chumvi na sukari, maana upungufu wa maji huua upesi. Kuhara kukizidi wiki mbili, apelekwe hospitali, na mzazi aulize kuhusu seliaki. Asimwachishe ngano kabla ya kupimwa damu, kwani akishaiacha, kipimo chaweza kudanganya.

Ikithibitika, dawa yake ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Chapati, maandazi, mkate na tambi, kwaheri. Hapo sisi tuna bahati: ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, ulezi na mtama havina gluteni. La kuangalia ni mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano, na unga wa lishe uliochanganywa. Gluteni ikikoma kuingia, vidole huota tena, na maji hurudi kwenye njia yake.

Mama yule hakukosea kumpa mtoto maji. Kilichobaki ni kukitazama pia kile kilichomo sahanini.