TUSHONE NGUO ZETU WENYEWE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Likombe, Mtwara)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya ushonaji. Twajua wako waliocheka waliposikia habari hiyo, wakauliza kama chama kimeishiwa maneno. Wengine walidhani mkutano huu ni wa akina mama peke yao, na ndiyo sababu mabenchi ya nyuma ya wanaume leo yana nafasi. Waliokuja twawashukuru, na wasiokuja watatusoma gazetini.

Jambo lililotuleta ni fedha ya tawi. Mezani iko hoja ya kwamba fedha tuliyochanga iende kuagizia fulana zenye alama ya chama. Sisi tunayo hoja ya pili: inunue cherehani mbili, jora la kitambaa, sindano na nyuzi, na wanachama wafundishwe kushona nguo zao na za watoto wao. Mtapiga kura baadaye. Kwanza tusikilizeni.

Tuanze na kanga, maana hapana aliye hapa ambaye nyumbani kwake haimo. Watu wengi hudhani kanga ilibuniwa kiwandani Ulaya. Sivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walikuwa wakinunua leso ndogo zilizopigwa chapa, ambazo ziliuzwa zikiwa bado zimeshikana katika jora. Mwanamke alikatiwa leso sita kwa pamoja, akazigawa vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha akaviunganisha kwa sindano, ubavu kwa ubavu. Likatoka vazi pana ambalo halikuwako kabla, likaitwa leso za kushona. Matajiri wa maduka walipoona linapendwa, ndipo walipoagiza nguo nzima ipigwe chapa kwa mfano ule. Ikapigwa Uholanzi, Uingereza, Bara Hindi, na baadaye Japani. Basi akili ilikuwa ya mwanamke mwenye sindano, na faida ikawa ya mwenye mtambo na mwenye duka. Kanga za Mombasa hata leo mwaziona zina maneno "Mali ya Abdulla", ndiyo alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak. Jina la hata mwanamke mmoja katika wale walioshona leso hapana anayelijua.

Kabla ya kanga mtumwa alijulikana kwa nguo. Alivaa merikani, ile nguo isiyopaushwa iliyoletwa kwa merikebu kutoka Marekani, hasa baada ya nchi ile kutiliana mkataba na Sultani Said mwaka 1833. Au alivaa kaniki, yaani nguo kama hiyo iliyotiwa nili hata ikawa nyeusi. (Kaniki yenyewe haina kosa. Hudumu kuliko nguo nyingi za leo.) Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922. Watu waliopata uhuru wao waliharakia kubadili nguo, wanawake wakavaa kanga na wanaume kanzu. Mikindani si mbali na hapa tulipo, na wazee wetu wanayo masimulizi ya waliopitishwa pale. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba nguo ni jambo dogo.

Wala kazi ya nguo si ngeni kwetu. Wachimbuaji wa mambo ya kale pale Kilwa Kisiwani wameokota vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, navyo ni vya kusokotea uzi wa pamba. Watu wa Kilwa walisokota karne nyingi kabla Mreno hajaupiga mji ule mwaka 1505. Tena kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi, vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 kwa wazee kung'oa pamba shambani. Hawakuichukia pamba. Walichukia kulimishwa kwa kiboko zao ambalo liliondoka pwani, nao wasipate nguo wala fedha ya maana. Leo kiboko hakipo, lakini sehemu kubwa ya pamba inayolimwa Simiyu na Shinyanga bado hutoka nchini kabla haijawa uzi.

Serikali ilijaribu. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vikafuata Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma na vinginevyo. Kisha miaka ya 1980 ilitukuta na uhaba, milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na viwanda vingi vikadhoofu au vikafungwa. Mwaka 1961 tulipata bendera. Nguo zilizochukua muda mrefu zaidi kuwa zetu ziliponyoka mapema. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kwamba mitumba iondolewe polepole. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, nchi zetu zikatishiwa kunyimwa nafuu ya ushuru katika soko la kule, na Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Hatutaki kumtukana muuza mtumba. Ni kijana wetu, anapata riziki, na watu wengi hapa Likombe wasingekuwa na koti la mvua kama si yeye. Na tuseme kweli: gauni la kushona nyumbani halishindi gauni la mtumba kwa bei siku zote. Atakayewaambieni vingine hajapita sokoni. Lakini ziko nguo ambazo mtumba hausaidii sana, na hizo ndizo twazitaka.

Ya kwanza ni sare ya shule. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa, lakini sare imebaki juu ya mzazi. Mwazijua hesabu za huku kwetu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Fedha ikiingia tu, wachuuzi nao wameingia, na vyombo vya muziki, na magodoro. Ikifika Januari shule zafunguliwa, mzazi hana kitu, na mtoto anakwenda na sketi ya mwaka juzi iliyokwisha kupanda juu ya magoti. Sisi twasema: kitambaa kinunuliwe Novemba, fedha ikiwa ingali mkononi, kishonwe Desemba.

Na sare ya nyumbani inayo faida ambayo ya dukani haina. Aliyeshona mamia ya sketi za kuuza hubana kitambaa. Pindo lake halizidi kidole kimoja, na mishono ya ubavuni imekatwa karibu kabisa. Mtoto akirefuka, hapana cha kuteremsha. Mama akishona mwenyewe huacha pindo la vidole vinne, na ubavuni vidole viwili. Kila mwaka hufumua na kuteremsha. Kaptula ya mvulana hutiwa kipande cha pili kwa ndani, pale pa kukalia, kabla haijatoboka, kwa kuwa twawajua wavulana wetu na madawati yao. Sketi moja ya namna hiyo yaweza kumchukua mtoto toka darasa la pili hata la nne.

Wengine watasema hawajui kukata. Chukueni sketi iliyokwisha chakaa, ifumueni mshono kwa mshono, vipande vyake vitandazeni juu ya gazeti (hata hili, mkiisha kulisoma) na mkate karatasi kwa kufuata, mkiongeza vidole viwili kila upande kwa mtoto aliyekua. Hicho ndicho kipimo. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa kufanya zana za kufundishia kwa boksi na vizibo, na kushona ni hivyo hivyo. Kitambaa cha pamba kilowekeni usiku kucha, kikaushwe, ndipo mkikate, kwa sababu hupungua maji ya kwanza. Urefu wa sketi ufuate uzi wa urefu wa kitambaa, la sivyo nguo itajipinda baada ya kufuliwa. Pigeni bandi kwanza, mtoto aijaribu mwilini, ndipo mshone kabisa. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Mshono wa namna hiyo uzi ukikatika mahali pamoja hauachii wote.

Ya pili ni nguo za ndani. Shirika la Viwango limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, nazo bado huonekana zikiuzwa. Chupi ya mtoto ni kazi ya jioni moja. Hapa twasema na jambo jingine bila kuona haya, na wazee watuwie radhi: taulo za kike. Bajeti ya mwaka 2018 iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani. Ya mwaka 2019 ikairudisha kodi, kwa kuwa bei dukani haikushuka. Binti akisubiri bei ishuke anakosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Taulo ya kitambaa cha pamba, iliyokunjwa tabaka kadhaa na kushonwa, ikafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, humtumikia muda mrefu. Mwaka 2020 tuliona jinsi barakoa zilivyoshonwa nchi nzima kwa siku chache. Aliyeshona barakoa hashindwi na taulo.

Sasa wanaume. Mvuvi wa Msimbati hushona tanga lake, hutengeneza nyavu zake, wala hapana amwitaye mwanamke. Kofia za kazi zenye vitobwe hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, na wanaume huzivaa kwa fahari kwenda msikitini. Mafundi cherehani wa Soko Kuu wengi wao ni wanaume. Haya inatoka wapi basi, sindano ikihamia nyumbani? Na hao mafundi wasiogope kwamba twawanyang'anya kazi. Suti na kanzu ya darizi zitabaki kwao, maana zinatushinda. Na tungependa wawe ndio walimu wetu, walipwe kwa fedha hiyo hiyo ya tawi.

Tumebakiza fulana. Kule Bara Hindi, Gandhi alipowataka watu waache nguo za Uingereza, chama cha Congress kiliweka gurudumu la kusokotea uzi katika bendera yake, na viongozi walivaa nguo iliyofumwa kwa mkono. Kwetu, kila uchaguzi, vyama vyote bila kubagua huleta fulana. Huvaliwa siku ya mkutano, ikirudi jua mbili tatu inalimiwa mihogo. Kiongozi anayesema juu ya kujitegemea huku shingoni ana kibandiko cha kiwanda cha nchi ya mbali, watu humsikiliza, lakini humtazama na shingo. Tukitaka sare ya chama tuishone hapa, kola na mifuko, na kila mmoja ajue nani aliyeitia vifungo.

Basi kura ni yenu. Hoja ya fulana ikishinda, tutazivaa pamoja nanyi. Ya cherehani ikishinda, tutaanza Jumamosi saa kumi alasiri, papa hapa ofisini. Kazi ya kwanza itakuwa kupinda doti ya kanga, ya pili sketi ya shule. Kila mtu aje na sindano, nguo moja iliyochakaa ya kufumua, na gazeti. Mwenye mkasi mkali aje nao pia, kwa kuwa mkasi wa tawi umekwisha kukatiwa waya.