Barua ya Utambulisho wa Mlezi Isiandikwe Mezani

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na walimu wa Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kuhusu uchunguzi wa watu wanaoomba kuasili au kulea watoto.)



Katika shughuli za kila siku za ofisi ya kijiji, ni vigumu kupata jambo linaloonekana dogo kuliko barua ya utambulisho. Mtu hufika asubuhi na kueleza haja yake. Mtendaji huandika mistari minne au mitano kwamba mtajwa ni mkazi wa kijiji hicho, ni mtu wa tabia njema, naye asaidiwe. Muhuri hugongwa na kazi imekwisha. Ikiwa barua hiyo ni ya kufungulia akaunti benki, kosa lililomo laweza kusahihishwa kesho yake. Lakini ikiwa ni ya mtu anayeomba kukabidhiwa mtoto, kosa hilo hulipwa na mtoto, tena kwa miaka mingi, naye hana ofisi ya kwenda kudai.

Hilo ndilo jambo la mazungumzo haya. Kumchunguza mtu anayetaka kulea mtoto si kumtukana wala kumshuku bure. Ni haki ya mtoto, na wenye wajibu wa kuitimiza si mahakimu na majaji peke yao, bali pia mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na askari wa kituo kidogo cha polisi.

SHERIA INATAKA NINI

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 ndiyo iliyokusanya mambo ya mtoto mahali pamoja na kuifuta ile sheria ya zamani ya kuasili, Sura ya 335, iliyotokana na enzi ya ukoloni. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2011.

Sheria ya mwaka 2009 haikuyafanya mambo ya kuasili kuwa mapatano ya watu wawili barazani. Iliyafanya kuwa amri ya Mahakama Kuu. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mahakama hairidhiki kwa maneno ya mwombaji tu. Yapasa iridhike kwamba amri hiyo ni kwa manufaa ya mtoto, kwamba wenye haki ya kuridhia wameridhia wakielewa wanachokiachia, na kwamba hakuna fedha iliyopita mkono kwa mkono. Mtoto mwenye umri wa kujieleza naye husikilizwa. Taarifa ya afisa ustawi wa jamii, aliyeifikia nyumba na kuwahoji watu wake, ndiyo macho ya jaji.

Uzito huo una sababu. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma, na mtoto huandikwa katika daftari la watoto walioasiliwa linalotunzwa na Msajili Mkuu. Jambo la namna hiyo haligeuzwi kirahisi.

Kwa mgeni asiye raia, masharti yalikazwa zaidi. Sheria ilitaka awe amekaa Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala katika nchi nyingine yoyote, na awe na pendekezo la mamlaka ya nchi yake kwamba anafaa.

Nchi jirani zimejifunza kwa uchungu thamani ya masharti hayo. Kenya ilisimamisha uasili wa watoto wake kwenda nchi za nje mwezi Novemba 2014. Uganda ilirekebisha sheria yake mwaka 2016, kwa kuwa watoto walikuwa wakitolewa nchini kwa njia ya mkato ya amri za ulezi. Hata hivyo, mwezi Agosti 2020 Serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na watu wengine kwa tuhuma za kushiriki katika mpango ambamo wazazi wa vijijini walidanganywa kwamba watoto wao wanakwenda kusomeshwa, kumbe wanatolewa moja kwa moja.

HATARI HAITOKI UGENINI TU

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba mtu wa kuchunguzwa ni mgeni peke yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa waliowatenda hayo hawakuwa watu wa kupita njia. Walikuwa watu wanaojulikana na mtoto.

Tena yafaa isemwe wazi kwamba watoto wengi wa wilaya hizi wanaohama nyumba moja kwenda nyingine hawapiti mahakamani kabisa. Mama akifariki, mtoto huenda kwa bibi au kwa mjomba. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao kwa mila huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si mtu wa mbali. Ni mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Kwa Waislamu nao, walio wengi katika wilaya hizi, kumlea yatima ni ibada kubwa, lakini nasaba ya mtoto haibadilishwi, na mlezi anayetaka kumwachia mali humwandikia wasia usiozidi thuluthi moja. Kwa sababu hiyo familia nyingi huona malezi ya kambo yanawafaa kuliko kuasili. Hakuna ubaya katika hilo.

Mila hiyo ilikuwa na uchunguzi wake. Wazee walipokaa kumgawia yatima mlezi, walimjua kila mmoja kwa matendo yake: nani mlevi, nani hupiga, nani aliwahi kumlea mtoto wa nduguye akamtoa mtu mzima. Na mtoto alipoonewa, bibi alisikia kabla jua halijachwa, kwa kuwa nyumba zilikuwa karibu.

Leo mambo yamebadilika. Anayeomba mtoto mara nyingi haishi tena kijijini. Anaishi Dar es Salaam au mji mwingine, huja msimu wa korosho amevaa vizuri, husema atamsomesha mtoto, na kesho yake huondoka naye kwa basi. Wazee hawajui anakaa nyumba gani, na nani, wala anapata riziki kwa kazi gani. Nachingwea ni mahali palipozoea kupokea wageni: ilipokea watu wa mradi wa karanga katika miaka ya 1940, kisha ikawa kambi ya wapiganaji wa Frelimo mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Ukarimu huo ni sifa njema. Lakini ukarimu wa kumpa mgeni kiti na maji si sawa na wa kumkabidhi mtoto bila kuuliza.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo yatosha kuwa kanuni ya kazi ya uchunguzi. Anayeandika kwamba mtu anafaa kulea, awe amefika nyumbani kwake. Akiwa hakufika, aandike hivyo, na asiweke neno "tabia njema" mahali pa jambo asilolijua.

Akifika, aangalie nini? Asitafute bati wala kochi. Umaskini si kosa, na bibi mwenye nyumba ya udongo aliyewalea wajukuu wanne wakasoma amekwisha jibu maswali mengi. Yapasa aone mtoto atalala wapi, na nani. Awajue watu wazima wote waliomo nyumbani, si mume na mke tu, na azungumze na kila mmoja peke yake, maana mke aweza kukubali mbele ya mumewe jambo asilolitaka, na mtoto asiyetakiwa na mwenye jiko hupata shida. Aulize majirani wa pande zote mbili. Aulize kijiji alichotoka mwombaji, kama amehamia karibuni. Aombe cheti cha polisi kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na apate neno la mganga juu ya afya ya waombaji, si kwa kumbagua mgonjwa, bali kwa kujua mtoto atabaki na nani mgonjwa akizidiwa.

Juu ya hayo yote, liko swali moja lisilokosewa: watoto aliowachukua mwombaji kabla ya huyu wako wapi? Kama wapo, waonekane, na daftari la mahudhurio la shule lisome sawa kwa mtoto wa kuzaa na mtoto wa kulea. Ikiwa wa kuzaa huvaa sare kila siku na wa kulea huonekana kisimani saa nne asubuhi, uchunguzi umekwisha. Ikiwa mwombaji hawezi kusema mtoto wa kwanza yuko wapi, wa pili asitolewe.

MIKOROSHO YA YATIMA

Katika wilaya hizi kuna jambo lingine ambalo fomu za mjini hazilitaji. Yatima wengi si maskini kama wanavyoonekana. Baba huacha mikorosho, na mkorosho huzaa kwa miaka mingi. Korosho huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika na katika minada ya chama kikuu cha RUNALI, na malipo huenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa. Basi mlezi akiandikisha mavuno ya yatima kwa jina lake, fedha huingia kwake kihalali machoni pa karani, na mtoto hukua bila kujua kwamba daftari na viatu anavyonyimwa vingenunuliwa kwa mali yake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu anapoomba kumlea yatima, mtendaji na wazee waandike kwanza mtoto ana nini: shamba liko wapi, miti ni mingapi, imepakana na nani, nani huivuna. Nakala ibaki ofisi ya kijiji na nyingine kwa afisa ustawi wa jamii. Mlezi mwema atafurahi, kwa kuwa karatasi hiyo itamlinda na maneno ya watu. Atakayekasirika atakuwa ameeleza alichokuja kukitafuta.

FUNZO LA UINGEREZA

Wako watakaosema kwamba uchunguzi huchelewesha, na mtoto huteseka akingoja. Ni kweli kwamba faili linalolala mezani ni adhabu kwa mtoto. Lakini dawa ya uvivu ni kufanya kazi upesi, si kuacha kuifanya.

Uingereza, nchi tajiri yenye ofisi nyingi, ilijifunza jambo hilo kwa msiba. Mwezi Januari 1945 mtoto wa miaka 12, Dennis O'Neill, alikufa kwa kipigo na njaa katika shamba la Shropshire alikowekwa kulelewa na halmashauri ya mji wa Newport. Waliompokea hawakuchunguzwa ipasavyo, na halmashauri za pande mbili hazikuelewana nani mwenye kumtembelea. Afisa aliyefika shambani mwezi Desemba 1944 alishauri mtoto aondolewe, lakini ushauri haukutekelezwa mpaka Dennis akafa. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Walter Monckton uliyaweka hayo hadharani, na msiba huo ulikuwa miongoni mwa yaliyoleta Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1948. Karatasi zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kwenda kuona na kuchukua hatua siku ile ile.

KAZI YA KILA MMOJA

Kutokana na hayo, kila mmoja ana sehemu yake. Mtendaji wa kijiji asiandike barua ya mlezi kabla hajafika nyumbani au kumtuma mtu anayemwamini. Mlezi akiwa anaishi wilaya nyingine, amwandikie mtendaji wa huko na kungoja jibu. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa chini ya mpango kazi wa taifa ulioanza mwaka 2017, zipewe majina ya watoto waliohamia kijijini, si ya waliokwisha kudhurika tu. Mganga na askari wajibu maombi ya taarifa bila kuzungushana. Afisa ustawi wa jamii arudi kumwona mtoto baada ya kukabidhiwa, tena bila kutoa habari mapema. Na kila raia ajue kwamba namba ya simu 116 ipo kwa ajili ya habari za mtoto anayeonewa.

Mwalimu mkuu anayo kazi isiyoweza kufanywa na mtu mwingine. Mtoto anapoombewa uhamisho kwenda shule ya mbali, aulize anakwenda kwa nani na shule ipi, kisha aipigie shule hiyo simu. Mwezi ukipita na mtoto hajaandikishwa huko, asifute jina katika daftari na kunyamaza. Apeleke habari kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kwa maandishi, akitaja aliyemchukua na siku aliyoondoka naye.