Gari Lililobadilishwa Springi: Hotuba kwa Mafundi na Vijana wa Busiu



Nimeombwa niseme juu ya zile Subaru zipitazo hapa Busiu zikinguruma kuelekea Mbale. Sikuja kuzishutumu. Mwaka 1999 Mganda mwenzetu, Charles Muhangi, alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari akiendesha Subaru Impreza, na vijana wetu wana haki ya kujivunia. Ila wengi hufunga springi fupi ili gari lifanane na la mashindano, ilhali gari la mashindano ya murramu huinuliwa. Gurudumu lake huhitaji nafasi ya kupanda na kushuka.

Mimi mwenyewe nilipata kukosea. Nilifungiwa springi na shokapu mpya, fundi akakaza kila boliti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, akanikabidhi ufunguo. Baada ya miezi michache bushi zilikuwa zimechanika, na tairi za mbele zimelika upande wa ndani hata nyuzi zikaonekana. Kwa nje zilikuwa nzima kabisa! Bushi ni mpira uliogandishwa kwenye chuma: ukiikaza gari likining'inia, likishuka mpira husokoteka na kubaki hivyo siku zote.

Basi ndugu mafundi, boliti za mikono inayoshika magurudumu zishikizeni tu kwanza. Lishusheni gari, lisukumeni mbele na nyuma kidogo likae, ndipo mkaze. Na kabla ya hayo yote, nati ya juu ya shokapu isiguswe mpaka springi ibanwe kwa kibanio chake, kwani springi ikifyatuka huua.

Kisha pimeni kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Kimo kikilingana, ndipo alaimenti ifuate: kwanza jinsi gurudumu linavyoinama, mwisho jinsi linavyoelekea, maana ukirekebisha la kwanza, la pili huvurugika. Katika Impreza nyingi, boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika chini ya shokapu ya mbele imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiizungusha, gurudumu huinama au husimama. Shokapu zenye kirekebishi zianzie ulaini, na za ekseli moja ziwe na kipimo kimoja. Springi mpya hutulia baada ya kilomita mia chache, kwa hiyo gari lirudi lipimwe tena.

Taa nazo husahaulika. Nyuma ikishuka kuliko mbele, mwanga hupanda na kumpofusha mwendesha bodaboda anayekuja kutoka Tororo.

Mtauliza Polisi wanahusikaje na bushi za mtu. Barabara hii inapita katikati ya maduka yetu. Dereva akikanyaga breki ghafla kwa sababu wanafunzi wanavuka, gari lenye magurudumu yasiyolingana huweza kukengeuka, na pembeni ndipo mama zetu wanapopanga nyanya. Mwenye gari alichagua springi zake, hao hawakuchagua.

Gereji isiyo na mashine ya alaimenti isione haya kumwambia mteja aende mjini Mbale.

Sasa, kijana mwenye Impreza ya buluu, tafadhali ilete hapa penye tambarare. Nina futi ya kupimia; fundi mmoja aje anishikie upande wa pili.