Mtoto wa Kike na Jukwaa

Mazungumzo yangu ya leo nayaanzia Mayfair, mtaa ulio magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg. Hapa Wasomali, Waethiopia na familia zenye asili ya Kihindi wanaishi ukuta kwa ukuta. Ukienda upande wa mashariki, ukaivuka Fordsburg, unafika Newtown, lilipo jumba la Market Theatre. Zamani jengo hilo lilikuwa soko la matunda. Liligeuzwa jumba la michezo ya kuigiza mwezi Juni mwaka 1976, mwezi ule ule ambao wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi na polisi.

Miaka 11 baadaye, mapambano ya wanafunzi hao yaliletwa katika jukwaa hilo. Mchezo uliitwa Sarafina!, mtunzi wake Mbongeni Ngema, na aliyeshika nafasi kuu ni Leleti Khumalo, mzaliwa wa KwaMashu, Durban. Alikuwa na umri wa miaka 17. Lakini hakuzuka ghafla. Tangu utotoni alikuwa katika Amajika, kundi la vijana lililolelewa na msanii Tu Nokwe. Mwaka 1988 mchezo ulifika Broadway, New York, ambako ulionyeshwa mara 597, naye akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Mwaka 1992 aliigiza nafasi hiyo hiyo katika filamu, na mwaka 2004 akawa mhusika mkuu wa filamu ya Yesterday, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Afrika Mashariki nayo ina visa vyake. Lupita Nyong'o alikuwa na umri wa miaka 14 alipoigiza Juliet jijini Nairobi, pamoja na kundi la Phoenix Players. Mwaka 2014 alitwaa Oscar. Madina Nalwanga wa Kampala, aliyewahi kuuza mahindi barabarani, alionekana katika darasa la ngoma, akachaguliwa kuwa Phiona, bingwa wa sataranji, katika filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa hapa hapa Johannesburg.

Je, mzazi wa Mayfair, mwanao akikuambia anataka kuigiza, utamjibu nini? Wengi husema hapana, na hofu yao ina msingi. Mtoto anaweza kukosa masomo, kupunjwa ujira, au kuachwa mikononi mwa watu wasiomjali. Kwa sababu hiyo Afrika Kusini, ambayo sheria yake inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 15, ilitoa kanuni maalumu mwaka 2004: mtoto wa umri huo hawezi kutumiwa katika kazi ya sanaa pasipo kibali.

Visa hivi vitatu vina funzo moja. Kabla ya sifa palikuwa na kundi, darasa na mlezi. Basi badala ya kumfungia mtoto mlango, mshike mkono umpeleke. Uliza kibali kiko wapi, nani atakaa naye, atasoma saa ngapi, na fedha zake atawekewa na nani. Majibu yakikosekana, mrudishe nyumbani bila haya. Yakipatikana, mwache apande jukwaani, nawe ukae safu ya mbele.