Karteri ya Pikipiki na Watoto Wetu
(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto)



Mmezoea kunisikia nikiongea juu ya kuhara, malaria na uji wa soya. Leo nitaongea juu ya pikipiki. Najua wengine watacheka: «Mama mwuguzi amekuwa fundi?» Chekeni, lakini nisikilizeni. Watoto niliowapokea na midomo imeungua, wengine hawakuungua na uji wa moto. Waliungua na dawa ambayo baba au kaka mkubwa alikuwa anasafishia chuma pale uani.

Mnajua namna inavyokuwa. Bwana ni motari, ao yuko na pikipiki ya kwenda shamba. Kile kifuniko cha mota, wanachoita karteri, kimekuwa cheusi, verini imebanduka, mafuta na matope vimegandamana. Jumamosi anakifungua, anakaa karibu na mlango wa jiko, anataka king'ae kama siku ya kununua. Si vibaya. Pikipiki ndiyo inalisha nyumba, na bwana anayetunza chombo chake ni heri kuliko anayekiacha kioze. Shida ni vitu anavyotumia, na mahali anapoviweka.

Kwanza sude. Hiyo mnaijua kuliko wanaume, kwa sababu ndiyo mnachanganya na mawese kwa kutengeneza sabuni. Wanaume wengine wanaiyeyusha katika maji na kutia karteri ndani, ili rangi itoke upesi. Lakini karteri ya pikipiki nyingi ni alimini, na sufuria yako pia ni alimini. Sude inakula alimini. Utaona mapovu mengi, maji yanapata joto sana, na inatoka hewa isiyoonekana ambayo inashika moto. Kama mbabula iko karibu na makala yanawaka, inaweza kulipuka. Kwa hiyo bwana akikuomba sufuria ya kuchemshia karteri, umkatalie kwa upole. Sude itaharibu vyote viwili, na ile sufuria haifai tena kupikia mtoto.

Tena maji ya sude yakitulia yanafanana na maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili anaona kikombe chini, anakunywa. Funda moja linatosha kuchoma ulimi, koo na ile njia ya chakula mpaka tumboni. Wakati mwingine mdomo unaonekana mzima, nawe unasema «hakuna kitu», kumbe ndani kumeungua. Majuma yanapita, kidonda kinakuwa kovu, kovu linaziba njia. Mtoto anashindwa kumeza hata uji. Hapo matibabu ni marefu sana, na si kila hospitali inayaweza.

Esansi nayo iko na shida yake. Nakumbuka mtoto mmoja wa kiume. Baba alikuwa ameweka esansi katika chupa ya Fanta ili aoshe mafuta ya karteri. Mtoto akanywa kidogo tu, akakohoa. Nyanya yake, kwa upendo, akamnywesha mawese na kumtia kidole kooni ili atapike. Alitapika kweli. Lakini esansi ni nyepesi sana: ikipanda kwa kutapika inaingia katika mapafu, na huko inaunguza. Walipofika kwetu usiku, mtoto alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Tulimweka kwenye oksijeni siku nyingi. Alipona, namshukuru Mungu. Sikumgombeza yule nyanya. Alifanya alivyofundishwa na wazazi wake.

Wala mimi sina haki ya kujisifu. Siku moja nilirudi nyumbani kutoka kufundisha wanafunzi somo la sumu, nikakuta kikombe changu cha chai juu ya dirisha, kimejaa esansi, na brosi ya meno ya zamani ndani yake. Bwana wangu alikuwa anasugulia pikipiki. Tuliongea jioni hiyo, tukaongea sana.

Kuna pia dawa ya dukani ya kutoa rangi, wafundi wanaiita dekapa. Nyingine zina kitu ambacho moshi wake, ukivutwa ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kuua mtu mzima. Mwaka 2019 Marekani ilikataza kuuzia watu wa kawaida dekapa za namna hiyo. Asifanyie ile kazi ndani ya nyumba, na mama mwenye mimba asikae hapo.

Sasa, kama ajali imetokea, mtoto amekunywa. Usimtapishe. Usimpe mawese, wala maziwa ya kulazimisha, wala ndimu eti kwa kuua ukali wa sude. Mpanguse mdomo, umsukutue kwa maji kama anaweza kuyatema, umvue nguo zilizolowana, umlete mbio. Akitapika mwenyewe, ao akilegea, mlaze kwa ubavu. Hata kama amekunywa esansi na anacheza, umlete: kikohozi na homa vinaweza kuanza saa kadhaa nyuma. Na ulete ile chupa, ikiwa imefungwa vizuri, ili tujue amekunywa nini. Usione haya. Hatutakuuliza juu ya nini uliiacha pale.

Kama sude imeingia katika jicho, hakuna kungoja. Mwaga maji safi juu ya jicho likiwa wazi, dakika 20 au zaidi, ndipo uanze safari. Kama ni ngozi, pangusa kwanza unga mkavu kwa kitambaa, kisha maji mengi. Usipake dawa ya meno, wala mawese, wala majani.

Mtaniuliza: «Basi bwana asafishe na nini?» Nilimwuliza fundi mmoja anayesali pamoja nasi. Alisema karteri nyingi hazihitaji sude hata kidogo. Aifungue na kuosha mafuta kwa sabuni na maji ya moto. Kisha asugue na papye ya msasa ya kulowanisha, namba 400 kwanza, halafu 800, halafu 1200, kila mara ikiwa na maji. Maji yanashika vumbi lisiruke. Hiyo ni kitu kikubwa kwetu, kwa sababu rangi nyingine za zamani zina plombi, na vumbi ya plombi inaharibu akili ya mtoto mchanga na wa tumboni. Mwisho asugue kwa kitambaa na dawa ya kung'arisha. Inachukua mchana mzima na mikono inauma, lakini ninyi mnaosugua sufuria kwa mchanga na majivu mtoni mnajua kwamba alimini inang'aa kwa mkono. Kama karteri imepakwa kromi, asiisugue na msasa: aioshe tu.

Avae nguo ya kazi, na asimbebe mtoto nayo. Vitambaa vyenye esansi visiletwe jikoni kuwashia moto. Esansi ikae katika bidoni yake, isikae katika chupa ya kunywea hata dakika moja. Sude yako ya sabuni pia, mama, usiisahau: ifunge, iweke juu ambapo mtoto hafikii hata akipanda kiti.

Leo mkifika nyumbani, kabla ya kuwasha mbabula, tazameni chini ya kitanda, nyuma ya mlango, na pale pikipiki inapolala. Chupa mtakayoikuta bila kujua iko na nini, msiinuse wala msiionje. Mwulizeni bwana. Kama naye hajui, aifunge na kuileta hapa Jumanne ijayo, tutaiangalia pamoja.