Njiti akikua, nani anamhesabu?

Haya ndiyo niliyoongea na vijana wenzangu huku Eastlands. Nayaweka hapa kwa wale hawakufika. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama.

1. Huu mjadala mshausikia. Upande mmoja: "Tumeleta mashine za watoto njiti." Upande mwingine: "Hazitoshi." Wote wanabishana kuhusu wiki za kwanza za maisha. Sawa, bila hizo wiki hakuna kitu. Lakini huyo mtoto akitoka wodini anaishi miaka 60, 70. Hiyo miaka iko kwa manifesto ya nani?

2. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa milioni 13.4 duniani, karibu 1 kwa kila 10. Sasa fikiria ploti moja ya Kayole au Umoja, kutoka chini mpaka gorofa ya juu. Hukosi kupita mlango wa mmoja wao.

3. Kwa nini izungumziwe ukubwani? Vichujio vingi vya figo hutengenezwa miezi mitatu ya mwisho tumboni. Mapafu pia hukomaa wakati huo. Ukitoka mapema, unaanza maisha na vichujio vichache. Ndiyo maana watu wazima waliozaliwa njiti hupata presha, sukari na shida za kupumua zaidi kidogo kuliko wengine.

4. Zaidi kidogo, sio lazima. Utafiti wa Sweden uliotoka 2019 uliangalia watu zaidi ya milioni 2 waliozaliwa kati ya 1973 na 1997. Kati ya njiti, karibu asilimia 55 walifika utu uzima bila ugonjwa wowote mkubwa. Waliotimiza miezi walikuwa asilimia 63. Kwa hivyo anayesema njiti ni mtu dhaifu anakosea. Na anayesema akishaongeza kilo mambo yameisha, huyo pia anakosea.

5. Sweden walijuaje? Waliweka rekodi, basi. Sisi tuna kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na kinamfuata mtoto mpaka miaka 5. Baada ya hapo mnahama nyumba, maji ya mvua yanaingia, kitabu kinapotea. Kijana wa miaka 27 anaenda dispensari, presha iko juu, anaambiwa apunguze chumvi na mawazo. Hakuna anayemuuliza alizaliwa wiki ya ngapi. Mara nyingi hata yeye hajui.

6. Hapa ndipo siasa inaingia. Pumwani na Mama Lucy ni hospitali za kaunti. Bima ni ya serikali kuu: NHIF ilitoka, SHA ikaanza Oktoba 2024. Rekodi za kielektroniki zina sheria yake, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Ukiuliza kaunti unaelekezwa juu, ukiuliza juu unarudishwa kaunti. Katikati ya huo mpira kuna mtu na figo zake.

7. Kwa hivyo mgombea akija mtaani na picha ya mashine mpya, mpigie makofi, halafu muulize matatu:
– Rekodi ya kuzaliwa itaingia kwa mfumo na kumfuata mtu mpaka ukubwani?
– Dispensari ya mtaa ina kipima presha kinachofanya kazi, na dawa?
– Kijana huyu akihitaji kupimwa figo, nani analipa?

Akijibu "tutaangalia hiyo maneno", muulize lini, na kwa bajeti ya mwaka gani.

8. Na leo, bila kungoja serikali: muulize mamako ulizaliwa miezi mingapi. Kama ulikuwa njiti, pima presha hata kama unajisikia fiti, na umwambie daktari. Presha haina kelele. Sisi ndio tunafaa kuwa na kelele.

Maswali leteni hapa chini.